Baada ya siku 84: urudi kazini, upumzike miaka mitatu, au ufungue biashara?

Likizo ya uzazi ikikaribia kwisha, nyumba nyingi hukaa chini kupiga hesabu. Mshahara wa mama unawekwa upande mmoja, upande wa pili dada wa kazi, nauli na chakula cha mchana. Kinachobaki kinaonekana kidogo, na mtu anatamka ile kauli: "Sasa hapo si unamfanyia kazi dada? Bora ukae ulee mwanao." Mara nyingi mjadala unaishia hapo.

Kauli hiyo husemwa na watu wenye nia njema, lakini hesabu iliyo nyuma yake ina kasoro mbili kubwa. Kwanza, gharama ya kumlea mtoto inakatwa kwenye mshahara wa mama peke yake, kana kwamba baba angeweza kutoka asubuhi kwenda kazini huku mtoto amelala ndani bila mtu. Pili, inapima mwezi huu, wakati uamuzi wenyewe unagusa kipato cha miaka 20 ijayo pamoja na pensheni. Hapa nalinganisha njia tatu ambazo wazazi wengi walioajiriwa huzifikiria: kurudi kazini, kuacha kazi kwa miaka kadhaa, na kuhamia kwenye biashara. Nazungumzia sheria za Tanzania Bara, maana Zanzibar ina sheria yake ya ajira.

Kipato cha mama na cha baba baada ya mtoto wa kwanza

Mwaka 2019 wachumi Henrik Kleven, Camille Landais na Jakob Søgaard walichapisha utafiti uliotumia kumbukumbu za serikali ya Denmark kuanzia 1980 hadi 2013. Waliwafuatilia wazazi kabla na baada ya mtoto wa kwanza. Kabla ya mtoto, kipato cha wanawake na cha wanaume kinakwenda sambamba. Mtoto akizaliwa, cha mama kinashuka papo hapo na hakirudi kilipokuwa; miaka mingi baadaye bado kiko chini kwa takribani asilimia 20 ukilinganisha na cha wanaume. Cha baba kinaendelea kama kwamba hakuna kilichotokea nyumbani.

Denmark ni nchi yenye vituo vya kulelea watoto kila mtaa na likizo ndefu. Kleven na Landais, safari hii wakiwa na wachumi wengine, walipolinganisha nchi nyingine, pengo lilikuwa kubwa zaidi: asilimia 31 Marekani, 44 Uingereza, 51 Austria na 61 Ujerumani. Austria imebadilisha sera za likizo na za vituo vya watoto mara nyingi kwa miongo kadhaa, na wachumi hao walipozipima waliona hazijapunguza pengo kwa kiasi cha maana. Kwa hiyo likizo ndefu peke yake haitoshi.

Kwetu picha ni tofauti kidogo. Mama wa shambani au wa gengeni haachi kazi kwa sababu ya mtoto, anambeba mgongoni na kuendelea. Anachopoteza kinapotea ndani ya kazi yenyewe, na nitalirudia hilo kwenye biashara. Ila mama mwenye ajira rasmi mjini, anayetakiwa awe ofisini saa mbili kamili na ofisi iko daladala mbili kutoka nyumbani, hali yake inafanana zaidi na ya yule wa Denmark, tena bila vituo vya Denmark.

Njia ya kwanza: kurudi kazini

Tuanze na unachostahili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama siku 84 za likizo yenye malipo, au siku 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja kwa pamoja. Aliye na chini ya miezi 6 kazini hana haki ya likizo ya malipo, na hilo huwashtua wengi waliobadili kazi wakiwa wajawazito. Unaruhusiwa kuanza likizo wiki 4 kabla ya tarehe uliyopewa ya kujifungua, lakini hulazimiki. Kama afya inaruhusu, kila wiki unayosogeza mbele ni wiki zaidi na mtoto mkononi. Ukirudi, unarudi kwa masharti yale yale uliyokuwa nayo, na anayenyonyesha anastahili hadi saa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi. Baba kwa kawaida anapewa siku 3. Tatu tu. Majirani zetu Kenya, kwa sheria yao ya 2007, wanampa wiki 2.

Sasa hesabu. Tuchukue mfano wa mama mwenye mshahara wa Sh700,000 kabla ya makato. Mchango wake wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, wa asilimia 10 ni Sh70,000, kodi ni Sh42,000, anapokea Sh588,000. Tuseme dada analipwa Sh120,000, chakula na mahitaji yake Sh80,000, nauli na chakula cha mchana cha mama Sh110,000. Inabaki Sh278,000. Hapo ndipo ile kauli inapotoka.

Lakini mwajiri naye anaweka Sh70,000 NSSF kila mwezi. Ukijumlisha na zile zake, ni Sh140,000 zinazokwenda kwenye akaunti yake ya uzeeni ambazo mezani hakuna aliyezitaja. Kwa hiyo kazi hii inamwachia Sh418,000 kwa mwezi, zaidi ya Sh15 milioni kwa miaka mitatu. Kama ofisi inatoa bima ya afya inayomgusa mtoto, ongeza na hiyo, na wazazi wa watoto wachanga wanajua bili moja ya nimonia inavyofika. Tena hapo bado gharama ya dada imemwangukia mama yote. Mkiigawa nusu kwa nusu, kama inavyostahili, mama anabaki na Sh100,000 zaidi.

Halafu kuna miaka inayofuata. Tuseme mshahara huo hupanda asilimia 5 kila mwaka. Baada ya miaka mitatu umefika Sh810,000. Aliyeacha na kurudi, akibahatika kuanza pale pale kwenye Sh700,000, yuko nyuma kwa Sh110,000 kila mwezi. Pengo hilo likibaki hivyo hivyo kwa miaka 10 ni zaidi ya Sh13 milioni. Ni mfano, weka tarakimu zako, lakini uone upande upi mzito.

Njia hii nayo ina hasara zake, na nyingi hazionekani kwenye slipu ya mshahara. Mshahara wa msingi hauguswi. Kinachopungua ni vile vinavyouzunguka. Safari ya wiki mbili Dodoma na posho zake inakwenda kwa mwingine kwa sababu "huyu ana mtoto mchanga", na kuna mabosi wanaoamua hivyo bila hata kumuuliza mhusika. Ovataimu unaikataa mwenyewe. Nafasi ya kukaimu inatokea mwezi ule mtoto anaumwa mfululizo, na anayekaimu leo ndiye anayethibitishwa kesho. Baba wa mtoto huyo huyo, ofisi ya jirani, anasafiri kama kawaida, tena wengine huongeza safari kwa kuwa sasa wana familia ya kulisha. Hivyo ndivyo watu wawili walioanza na mshahara sawa wanajikuta mbali baada ya miaka 7.

Na kuna ugumu wa kila siku ambao hauna tarakimu. Kukamua maziwa umekaa chooni kwa kuwa ofisi haina chumba, chupa ukaificha kwenye friji ya pamoja nyuma ya soda za watu. Dada anayeomba ruhusa Jumamosi kwenda kumwona shangazi, Jumapili jioni simu yake haipatikani, na Jumatatu saa kumi na moja alfajiri unasimama jikoni hujui mtoto unamwacha na nani. Kenya, Sheria ya Afya ya 2017 inawataka waajiri wawe na chumba cha kunyonyeshea. Natamani lingekuwa jambo la kawaida kwetu pia.

Ofisi ya serikali na ya binafsi hazilingani hapa. Mwalimu au muuguzi wa serikali anapanda daraja kwa muundo ulioandikwa, na siku 84 hazimrudishi mwanzo. Anachopoteza ni zaidi posho na nafasi za uongozi. Kwenye kampuni ambako ongezeko hutegemea mazungumzo ya ana kwa ana na bosi, au mauzo ya mwezi, hasara ni kubwa zaidi na haina pa kuonekana.

Njia ya pili: kuacha kazi kwa miaka kadhaa

Faida yake ni moja, na ni kubwa: uko na mtoto. Hakuna anayeweza kukuwekea bei ya hilo, nami sitajaribu. Kuna hali ambazo sioni njia nyingine ya busara: mtoto aliyezaliwa njiti anayehitaji uangalizi wa karibu, mtoto mwenye ulemavu ambaye vituo vinamkataa, pacha bila ndugu wa kusaidia, au kazi yenye zamu za usiku na dada asiyeaminika.

Kifedha ndiyo njia ghali kuliko zote. Mbali na mshahara, kuna pensheni. Mfuko unataka michango ya miezi 180 ili ulipwe pensheni ya kila mwezi. Asiyefikisha hupewa fedha za mkupuo na safari imeishia hapo. Miezi 180 ni miaka 15. Aliyeajiriwa akiwa na miaka 28, akapumzika mitatu kwa kila mtoto na ana watoto watatu, ameshatoa miaka 9, na ajira binafsi nazo zina mapengo yake ya mikataba. Na hata anayefikisha, kikokotoo kinahesabu miezi uliyochangia: mmoja unaokosekana ni pungufu ya maisha yote.

Jambo jingine watu hulijua wakiwa wamechelewa: fao la kukosa ajira si la aliyeacha kazi kwa hiari yake. Ukiandika barua ya kujiuzulu, umejitoa.

Kama moyo unakuelekeza huku, fupisha. Omba likizo bila malipo kabla ya kujiuzulu, kwa maandishi, yenye tarehe ya kurudi. Wengine hukubaliwa miezi mitatu au sita, na hiyo miezi mara nyingi ndiyo migumu yenyewe: mtoto anaanza kula, anaanza kukaa, dada anazoea nyumba. Mwaka mmoja nje ya kazi bado unaelezeka kwenye usaili. Mitano inataka kuanza upya.

Njia ya tatu: biashara

Hii ndiyo inayosifiwa sana siku hizi. Fungua duka la dawa baridi, saluni, uza vitenge mtandaoni, pika keki. Utakuwa bosi wako na mtoto utamwona. Naiheshimu njia hii, na nimeona wanawake iliowainua kweli. Ila kuna sharti moja ambalo wanaoisifu hawalisemi.

Watafiti Solène Delecourt na Anne Fitzpatrick waliangalia maduka ya dawa nchini Uganda. Zaidi ya theluthi ya wanawake wenye maduka walikuwa na mtoto mdogo pale dukani. Kwa wanaume, hakuna hata mmoja. Na maduka ya wanawake waliokuwa na mtoto dukani yalikuwa na faida pungufu kwa asilimia 48 kuliko ya wanawake wenzao. Karibu nusu.

Kaa dukani asubuhi moja utaelewa. Mteja amesimama kaunta anataka dawa ya kikohozi, mtoto amejisaidia. Mama anamwambia "nisubiri kidogo dada yangu", anaingia nyuma, anambadilisha, ananawa, anatoka. Mteja ameshavuka barabara. Siku ya kwenda jumla kuchukua mzigo anaisogeza kwa sababu mtoto ana homa, kesho yake anauza vile vilivyobaki rafuni. Jioni, saa wafanyakazi wanaposhuka kwenye daladala na hela zipo, yeye anafunga kwenda kumwogesha mtoto. Hizo hasara hazionekani hata moja, ila jioni droo inazijua.

Kwa hiyo biashara haiondoi swali la nani anakaa na mtoto. Utafiti mwingine wa Uganda uliwapa akina mama wa watoto wa miaka 3 hadi 5 ama ada ya kituo cha kulelea watoto, ama fedha taslimu za thamani hiyo hiyo. Fedha ziliongeza kipato cha akina mama kutokana na biashara zao, kama mtu angetegemea, maana ni mtaji. Nafasi ya mtoto kituoni iliongeza kazi na kipato cha akina mama wasio na wenza. Kwenye ndoa, kipato kilichopanda kilikuwa cha baba. Hilo la mwisho nililitafakari sana. Linaonyesha kwamba mtoto akipata mahali, wazazi wote wawili wanafaidika, na ndiyo maana hakuna haki ya kumtoza mama peke yake.

Upande wa uzeeni, mwenye biashara haachwi nje: NSSF inapokea michango ya hiari ya aliyejiajiri, na ukishakuwa na miezi kadhaa ya ajira huko nyuma, usiiache ikalala. Lakini mwajiri wa kukuongezea ile asilimia 10 hayupo tena. Unajichangia mwenyewe, na mwezi mbaya ndiyo ya kwanza kukatwa.

Ushauri wangu kwa anayeelekea huku: biashara ianze ungali kazini, ijipime kwa miezi kadhaa, na bajeti yake iwe na mstari wa malezi kama ilivyo na mstari wa kodi ya fremu. Isipoweza kumlipa mtu wa kukaa na mtoto, bado haijaweza kuchukua nafasi ya mshahara wako. Mtaji pia utafutwe kabla: mikopo isiyo na riba ya halmashauri kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ipo, lakini ni ya kikundi kilichosajiliwa, haipatikani wiki utakayoacha kazi.

Anayepigiwa simu saa nne asubuhi

Katika njia zote tatu, kinachopima zaidi kipato cha mama ni swali dogo: dada akipiga simu saa nne asubuhi kwamba mtoto ana homa, nani anaomba ruhusa? Kama jibu ni lile lile kila mara, basi ni mtu mmoja tu anayejenga sifa ya "huyu haaminiki" ofisini kwake. Sweden wanatoa siku 480 kwa wazazi wawili, na 90 kati ya hizo zimefungwa kwa kila mzazi. Baba asipozitumia zinapotea. Sisi tuna siku 3, kwa hiyo nyumba inalazimika kujitungia utaratibu wake. Wiki hii kliniki ni zamu yako, wiki ijayo yangu. Safari za kikazi zinapangwa kwa kupishana, na ya mama isiwe ndiyo inayoghairishwa daima. Bibi anapokuja kusaidia, nauli na mahitaji yake yanatoka mifuko yote miwili.

Kituo cha mtaani nacho kisidharauliwe. Korogocho, Nairobi, akina mama waliopewa vocha za kituo cha watoto walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na kazi, kwa pointi 8.5 za asilimia, kuliko ambao hawakupewa. Wasio na wenza walipata kitu kingine: walihamia kwenye kazi zenye saa za kueleweka, wakafanya kazi kwa saa pungufu bila kipato kushuka. Kabla ya kuchagua kituo, nenda saa sita mchana bila taarifa. Angalia wanalala wapi, walezi ni wangapi, na mtoto aliyelia anafuatwa baada ya muda gani.

Na dada wa kazi, mara nyingi ni binti wa miaka ishirini na kitu ambaye naye ana kipato chake cha kesho. Mlipe kwa tarehe, mpe mapumziko, muandikie makubaliano. Nyumba zinazofanya hivyo hukaa na dada kwa miaka, na hapo kazi ya mama nayo inatulia.

Nani achague ipi

Una mkataba wa kudumu, mfuko unachangiwa, na kuna ngazi mbele yako: rudi, hata kama kwa mwaka wa kwanza unabaki na kidogo sana. Miaka ya dada na nepi ni mitatu au minne. Ngazi ni ya miaka 25.

Mshahara wako ni mdogo kuliko gharama ya malezi hata baada ya kuigawa na baba, hakuna mfuko, na hakuna pa kupanda: hiyo ajira haina kikubwa cha kupoteza. Hapo biashara yenye mtu wa kukaa na mtoto inaweza kuizidi ndani ya miaka miwili.

Unalea peke yako: usiache chanzo chochote cha kipato kabla kingine hakijasimama, na fedha ya kwanza unayopata iende kwenye mahali pa uhakika pa mtoto.

Mkataba wako wa muda maalumu unaisha katikati ya likizo ya uzazi, na mwajiri amenyamaza: usisubiri siku ya 84. Mwandikie mapema kuuliza kuhusu kuongezewa, uweke nakala. Kama mikataba yako imekuwa ikiongezwa kila mwaka na safari hii imekatwa kwa sababu ya mimba, sheria haihesabu hilo kuwa usitishaji wa haki. Malalamiko ya kuachishwa kazi yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, hata kama mtoto ana wiki sita na wewe hujalala.